Ukuta wa Nyuma na Maji Niliyoyajua

Iko siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu: siku niliyoshika jembe nikafukia matope nyuma ya nyumba yangu mwenyewe kabla mgeni hajafika. Jua la saa tatu lilikuwa limeanza kuchoma, nimefunga kanga kiunoni, na moyo unanidunda kama wa mwizi wa kuku. Nilichokuwa naiba sikukijua vizuri. Hata leo sina hakika kama neno "kuiba" ndilo lenyewe, ila sijapata jingine.

Nakuandikia haya kwa sababu uliniambia dari ya nyumba yako mpya imeloa na unataka kuwapigia watu wa bima. Sikukujibu siku ile. Nilisema ngoja nifikiri, ukacheka, ukasema, "Mama mkubwa naye kwa kufikiri!" Basi nimefikiri. Mimi ni mtu wa darasa la saba, mambo ya bima wapo wanaoyajua kuliko mimi, na nitakapokosea unisamehe. Lakini nina daftari zangu za miaka yote, na nimezifungua tena ili nisikudanganye.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Mume wangu, ambaye watu wote wanamwita Mwalimu, alikuwa anafundisha upande wa Kyerwa na kurudi kwetu kijijini Nyakakika siku za Jumamosi. Tulijenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa mkopo wa benki, na benki ikasema nyumba ikatiwe bima ya moto, upepo na maji, maana nyumba ndiyo ilikuwa dhamana. Tukakata. Humo tuliishi mimi, watoto, na mama yake Mwalimu, mama mkwe wangu, mwanamke mwembamba aliyekuwa akimenya ndizi za watu kumi bila kuangalia kisu.

Mvua za kwanza, misumari miwili ya bati ililegea, maji yakaingia, dari ya sebuleni ikapata doa kubwa kama ramani. Fundi yeyote angemaliza kazi ile asubuhi moja. Lakini wakala wa bima pale mjini Kayanga alikuwa kijana mchangamfu, akaniambia, "Mama Koku, dai tu. Unalipa kila mwaka, ni haki yako." Niseme haki: hakunidanganya. Ilikuwa haki yangu kweli. Hakuniambia lililo nyuma ya haki hiyo, na mimi sikuuliza. Nikadai, nikalipwa.

Wee! Habari ilitembea kijiji kizima. Nikienda kuteka maji, wenzangu wananitania: "Ma Koku, kwako mvua ni mbolea na ni mshahara pia!" Mwingine: "Mwambie Mungu ainyeshee na nyumba yangu, nami nina misumari mibovu." Nilicheka nao, na moyoni nilijiona mjanja. Msimu uliofuata bomba linalotoka kwenye tangi likaachia, maji yakajaa stoo, gunia mbili za maharage zikaota. Nikadai tena. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Mama mkwe hakupenda. "Hiyo bima yenu ni kamari," alisema. "Mtu unakaa unangoja nyumba iharibike ulipwe?" Kwa hilo la kamari, mwanangu, alikosea, na utaona mbele. Lakini hilo la kungoja hakukosea.

Sasa nifike kwenye ukuta.

Unajua watu wa huku tukikosa mfereji wa bati tunafanyaje. Unakata mgomba uliokwisha kuzaa, unabandua ganda lake refu, unaliegemeza chini ya bati, na mvua inatiririka humo mpaka kwenye pipa. Ni akili nzuri ya siku mbili tatu, mpaka ununue mfereji. Mimi wangu wa nyuma ulipovunjika, niliweka ganda la mgomba, na likioza naweka jingine. Nilifanya hivyo misimu miwili. Pipa lilikuwa limekaa karibu mno na ukuta, na ganda la mgomba halina ukingo imara, kwa hiyo nusu ya maji iliingia pipani na nusu ikashuka ukutani hadi kwenye msingi. Kila asubuhi nikienda kuchota, mguu ulizama mpaka kwenye kifundo.

Nilijua. Hapo ndipo daftari langu linaponishtaki. Nimeandika kwa mkono wangu: "Leo tena maji yamechuruzika ukutani. Mwalimu akija nimwambie anunue mfereji." Ukurasa mwingine, wiki kadhaa mbele: "Ukuta umeota kijani. Nimesahau kumwambia Mwalimu." Sikusahau. Niliona ni jambo dogo, na mambo madogo nilikuwa nimeshazoea kuyaachia yakue ili yalipiwe. Sijui kama niliwaza hivyo waziwazi. Naogopa kwamba ndiyo.

Ikaja mvua ya mawe. Ilinyesha alasiri moja, ikavunja migomba ya kibanja chote, na asubuhi yake ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa unaopitisha vidole vitatu, umeinama kwa nje kama mtu anayechungulia. Methali ya ufa na ukuta unaijua, sitairudia. Mimi ufa niliupigia simu. Nikamwambia wakala: mvua ya mawe imenibomolea nyumba. Akasema mkadiriaji wa hasara atakuja kesho.

Ndiyo siku hiyo ya jembe. Nilichukua ganda la mgomba nikalitupa katikati ya kibanja, kati ya maganda mengine, nani atalijua? Pipa nililiviringisha mpaka kwenye zizi. Matope niliyafukia kwa udongo mkavu nikafagia juu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka wake na ndizi zake. Alinitazama nikienda, akanitazama nikirudi.

Mkadiriaji alikuja kwa bodaboda, suruali imejaa tope hadi magotini. Mtu mzima, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, bibi," alimwambia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Kwetu ni Muleba, bibi."

"Mawe, mama yangu! Muhaya! Ma Koku, mletee kiti cha mgongo, hawa wa ziwani hawakai kwenye vigoda vyetu."

Akacheka kweli. "Bibi, leo mimi naketi popote, mradi ndizi hizo ziive kabla sijaondoka."

Nami nikacheka. Akazunguka nyuma. Akagusa ukuta, akakandamiza kwa kidole, akanusa kidole. Akainama akatazama udongo wangu mkavu niliofagia vizuri mno.

"Mama, ukuta huu umeanza kulowa lini?"

"Mvua ya juzi. Ile ya mawe."

"Juzi tu?"

"Juzi."

Hakubisha. Akarudi mbele, akachuchumaa karibu na mkeka. "Na wewe bibi, unayeshinda hapa siku zote. Uliwahi kuona maji pale nyuma kabla ya juzi?"

Kisu cha mama mkwe kilisimama. Sijawahi kukiona kikisimama katikati ya ndizi. Unajua desturi yetu, mwanangu: mkamwana haaibishwi mbele ya mgeni. Aibu yake ni aibu ya nyumba iliyomleta. Mama mkwe anaweza kukusema jikoni mpaka ulie, lakini akija mtu wa nje, atakufunika kwa nguo yake mwenyewe. Nililijua hilo. Nilisimama pale nikilitegemea.

"Mimi mzee, baba," alisema. "Macho yangu yanaishia kwenye ndizi hizi."

Mkadiriaji akaandika kitu. Alikula, akashukuru, akaenda zake.

Mama mkwe alimaliza kumenya zote, akafuta kisu, ndipo akaniita.

"Ma Koku. Nilikuona ukibeba lile ganda. Nilikuona ukifukia. Nikasema moyoni, mgeni akiuliza atasema kweli. Hukusema. Ukaniachia mimi."

"Mama, ile ni kampuni tu. Haitapungukiwa na kitu."

"Habari ya kampuni siijui. Nakijua kinywa changu. Jumapili hii ni Chakula cha Bwana. Nitakipeleka kinywa hiki kikapokee nini?"

Nilidhani ni hasira, itapita. Haikuwa hasira. Jumapili alivaa gauni lake la kanisani, tukatembea pamoja, akaketi benchi la nyuma kabisa, yeye ambaye kwa miaka yote alikuwa anakaa mbele karibu na wanakwaya. Watu walipoinuka kwenda mbele kupokea, alibaki ameketi, mikono juu ya kitabu cha nyimbo. Nilipita mbele yake. Ndiyo, mimi nilikwenda. Liandike hilo pia, nililiambia daftari langu, usiniachie lolote.

Tukitoka, watu wakamzunguka. "Bibi, unaumwa?" Akajibu, "Siumwi, najitengeneza." Alikuwa anakohoa msimu ule, kikohozi kirefu kisichopona, na mimi nikaanza kuhesabu hatari zangu. Nikienda kusema kweli, bima inaweza kufutwa, na benki ikisikia nyumba haina bima itauliza mkopo wake. Nisipokwenda, je, mama huyu akifariki hivi, ametengwa na meza kwa ajili yangu? Usingizi ulinipungua, chakula kikawa kama pumba. Kila pikipiki iliyopita barabarani nilitoka mlangoni kuitazama.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alirudi, maana ile ya kabla shule ilimbakiza. Nilimwambia yote jikoni, nimempa mgongo, nakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

"Ulificha?"

"Nilificha."

Nikageuka kumtazama. "Mimi nafundisha watoto wasiibie mtihani," alisema. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza: "Na huo mfereji niliuona umevunjika, nikajifanya sijauona. Nenda Jumatatu. Likitokea la kutokea, nusu yake ni yangu."

Nilikwenda Kayanga. Nilimkuta mkadiriaji ofisini kwa wakala, karatasi zangu ziko mezani mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakaniishia. Nikasema tu, "Baba, ukuta ule ulianza kulowa misimu miwili nyuma. Bibi hana kosa."

Hakushtuka. "Nilijua, mama. Tofali la kuchoma haliwezi kuota ukungu wa kijani kwa siku mbili. Na hakuna mtu anayefagia uani nyuma ya nyumba iliyomvunjikia." Akavua miwani. "Nilikuwa nakupa mpaka mwisho wa wiki hii. Ningepeleka taarifa kwamba umeficha, mkataba wako ungefutwa. Sasa nitaandika kwamba umesahihisha maelezo yako mwenyewe. Dai litakataliwa, basi. Bima hulipa maji yanayokuja ghafla, mama. Yale unayoishi nayo, hayo ni ya kwako."

Nilimshukuru mpaka nikaona aibu. Nikainuka. Ndipo aliposema neno ambalo ndilo hasa nimekuandikia barua hii yote.

"Lakini litabaki."

"Litabaki wapi, baba, na sijalipwa hata senti?"

"Kwenye faili. Madai matatu ya maji, nyumba moja, muda mfupi. Yaliyolipwa na yasiyolipwa, yote yanaandikwa. Wale wakubwa wa Dar hawaijui Nyakakika wala hawakujui wewe. Wanaona faili tu. Kwao nyumba yako sasa ni nyumba inayovuja."

Wakala mchangamfu alikuwa anapanga kalamu zake, hakuniangalia. Simlaumu. Labda kidogo.

Mwezi uliofuata mama mkwe alirudi kwenye benchi lake la mbele. Alipokea Chakula cha Bwana, akarudi akiimba bila kutazama kitabu. Tulipofika nyumbani alinimenyea ndizi, mimi mkamwana, akaniambia nikae. Sikula vizuri kwa machozi. Hilo lilipona, na namshukuru Mungu.

La nyumba halikupona upesi hivyo. Ulipofika wakati wa kuhuisha bima, barua ilikuja: ada imepanda, karibu ituvunje mgongo, na hasara ya maji na upepo imeondolewa. Walituachia moto peke yake. Benki ilikubali kwa shingo upande. Nilikwenda kampuni nyingine, nikapewa fomu, na swali la kwanza kabisa kunikodolea macho lilikuwa: je, umewahi kudai fidia miaka ya karibuni? Niliandika kweli, mara tatu. Wakanirudishia fomu kwa heshima. Wala sikuweza kusema wamenionea. Ningekuwa mimi ningemkopesha jembe mtu aliyeshavunja majembe matatu?

Basi tukaanza kuishi tukiogopa mawingu. Hujui uoga huo mpaka uwe nao. Mchana kweupe uko shambani unachuma kahawa, watu wanaimba, wewe unatazama milima ya upande wa Rwanda kama kuna weusi. Mwalimu alinunua mfereji, tukaweka misumari mipya, ukuta tukaujenga upya kwa kuuza ng'ombe. Tulifanya yote tuliyopaswa kufanya mwanzo. Nikaanza kufikiri labda Mungu ametusahau kwa wema.

Mwaka wa pili, alasiri, upepo ulikuja kabla ya mvua. Uling'oa kona ya paa juu ya vyumba vya kulala ukaitupa kwenye kahawa ya jirani, na mvua ikamwagika ndani kama inamiminwa kwa ndoo. Magodoro, vitabu vya Mwalimu, nguo za watoto, dari yote. Hakuna aliyeumia, nalisema hilo kila ninapolikumbuka. Hiyo sasa, mwanangu, ndiyo ilikuwa hasara ya bima. Ya ghafla, kubwa, isiyo na mkono wa mtu. Na nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, maji yapo kwenye vifundo, na sina wa kumpigia simu. Nilikuwa nimeshaitumia haki yangu kwenye doa la dari na gunia mbili za maharage.

Upepo ule ule ulibomoa nyumba ya mwenzetu mmoja Ihanda. Alikuwa hajawahi kudai kitu. Alilipwa, na kabla ya mavuno ya kahawa alikuwa chini ya bati mpya. Mama mkwe alipolisikia alisema, "Basi si kamari." Alikuwa mtu wa kukiri. Sisi tulikaa jikoni, kile kijumba cha nje cha udongo, yeye na mimi na watoto, msimu mzima wa mvua, moshi machoni. Kikohozi chake kilizidi humo. Alipona, lakini hakuwahi kuwa na kifua kile cha kuimbia tena, na sijui, kweli sijui, kama nina sehemu katika hilo. Nimeliuliza daftari mara nyingi. Halijibu. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja, nami ningependa angenilaumu.

Sasa dari yako, mwanangu.

Kwanza panda juu utazame maji yanaingilia wapi, leo, si kesho. Kama ni msumari, au bati moja, au bomba lililolegea, muite fundi, mlipe mwenyewe, na usimpigie simu mtu wa bima. Si kwamba si haki yako. Ni haki yako, na ndiyo maana uitunze. Haki ni kama mbegu: ukiikaanga yote leo, msimu ukifika utapanda nini? Bima iwekee lile ambalo likija huwezi kuliinua peke yako. Na kabla hujadai, muulize wakala wako swali nililoshindwa mimi: dai hili litanifanya nini mwakani? Asipojibu vizuri, muulize mkubwa wake. Soma na mkataba wako, maana huenda wa kwako umeandikwa tofauti na wangu, na mimi si mtaalamu.

Lakini likija lile kubwa, usiogope kudai kwa sababu ya hadithi yangu. Nisingependa nikufanye mwoga. Zuia maji kwanza, piga picha kabla hujasafisha, toa taarifa siku hiyo hiyo, na useme maji yalianza lini, hata kama jibu linakuumiza. Na usimweke mtu anayekupenda mahali ambapo ili akufunike inambidi adanganye. Fidia ya hilo hakuna kampuni inayoitoa.

Mungu akulindie paa na waliolala chini yake. Akupe macho ya kuona tone likiwa bado tone, na mikono isiyochelewa. Mvua yako inyeshe shambani, na nyumba yako iwe kavu, nawe uzeeke humo ukiimba.